Mshale mmoja kwa nguruwe pori: jibu kwa kijana wa Fort Worth

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Iringa, naishi Fort Worth, Texas, mwaka wa nne sasa. Mwenzangu kazini ana baba mkwe mwenye shamba la mahindi na ng'ombe, na nguruwe pori wanamsumbua sana. Ameniruhusu kuwinda. Nimenunua upinde wa mtambo, ule wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, unaotupa mshale futi 350 kwa sekunde. Muuzaji kaniambia hata mita 60 mnyama haponi. Jumamosi hii ndiyo naenda kwa mara ya kwanza. Nimpige wapi, na kwa umbali gani? Na nyama yake ni kitimoto kama ya kwetu, au ina masharti?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimewinda nguruwe hawa wa Texas kwa miaka kumi na saba, na tisa ya mwisho nimetumia upinde wa mtambo peke yake, kwa hiyo swali lako nimelisoma mara mbili. Nianze na Jumamosi. Nenda, ila upinde uache nyumbani. Chukua darubini ya mkononi, maji na daftari. Upinde wenyewe hujaujua bado, shamba nalo hujalijua, na atakayeumia kwa kutojua kwako ni mnyama utakayemtoboa tumbo, akakimbilia vichakani kufa kidogo kidogo. Silitaki hilo likukute wewe, wala limkute yeye.

Maneno ya muuzaji kuhusu mita 60 yaache hukohuko dukani. Kwenye shabaha ya sponji mita 60 inawezekana, kwa sababu sponji haina masikio. Hebu tupige hesabu. Futi 350 kwa sekunde ni kama mita 107. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na upinde wa mtambo ukifyatuka unapiga mlio mkali wa ghafla, kama mbao mbili zimegonganishwa. Nguruwe akiwa mita 30, mlio unamfikia baada ya sehemu 9 za mia za sekunde, mshale baada ya 28. Ana moja ya tano ya sekunde kushtuka. Atajikunyata kidogo, na kama ulilenga vizuri bado umempata. Sasa mpeleke mita 60: muda wa kushtuka unakuwa mara mbili, na huo unamtosha kugeuka au kupiga hatua. Ulilenga moyo, mshale unaingia utumboni. Na hapo sijagusa kushuka kwa mshale. Darubini ya upinde ikiwekwa sawa kwa mita 30, halafu ukamlenga vilevile mnyama wa mita 50, mshale utapita chini ya ulipolenga kwa sentimita 40 hivi. Ukikosea kukadiria umbali kwa macho, na jioni kila mtu hukosea, basi umemvunja mguu au umepiga udongo.

Kikomo chako mwaka huu kiwe mita 25. Pima kwa hatua zako ukiwa mchana, chomeka vijiti kwenye mita 15, 20 na 25 kuzunguka mahali utakapokaa, na mnyama asiyeingia ndani ya vijiti hivyo mwache apite. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaijua kanuni hii tangu enzi za babu zao: kiangazi kikikaza huvizia usiku kwenye maji, wakamngoja mnyama aje hadi karibu. Umbo la upinde wako, na darubini yake na kitako chake, litakushawishi kwamba umeshika bunduki. Umeshika upinde. Risasi huvunja mifupa na kuupasua mwili kwa mshtuko. Mshale hukata tu, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu na mapafu kunywea. Usipokata mapafu yote mawili au moyo, hujafanya kazi.

Kabla ya mnyama, kwanza vidole vyako. Ugwe wa upinde wa mtambo, yaani kamba yake, hupita juu ya reli, ule mfereji mshale unapolala, kwa nguvu ya kutisha. Mkono wa mbele ukiushika upinde vibaya, kidole gumba kikainuka juu ya reli, ugwe utakiondoa au kukipasua hadi mfupa. Jizoeze kukishusha gumba kila unapoweka shavu kwenye kitako, hata upinde ukiwa haujategwa, mpaka mkono ufanye hivyo bila kuuambia. Pili, usifyatue kamwe bila mshale. Nguvu iliyokuwa ibebwe na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde na nyaya zake, vikapasuka mbele ya uso wako. Tatu, angalia nafasi ya mikono ya upinde kulia na kushoto: ukifyatua ikiwa imegusa ukingo wa dirisha la kibanda au tawi, umeuharibu upinde na mshale hujui umekwenda wapi.

Kuutega, tumia kamba maalumu iliyokuja nao. Kanyaga kikanyagio cha mbele kwa buti, ingiza kulabu mbili za kamba kwenye ugwe, vuta kwa mikono yako miwili pamoja na kwa usawa mpaka usikie umeshika. Kamba hiyo hupunguza uzito wa kuvuta karibu nusu, na zaidi ya hilo inauweka ugwe katikati. Ugwe ukikaa milimita mbili upande mmoja, mshale utakwenda pembeni na utadhani darubini ndiyo mbovu. Nimeona watu wakiigeuza darubini mchana kutwa kwa kosa la ugwe. Chora alama mbili ndogo za kalamu ya wino kwenye ugwe, pale unapokutana na reli kila upande, ili uone kwa jicho kila unapoutega. Ugwe upake nta mara kwa mara, na reli itie mafuta yake kama kijitabu cha mtengenezaji kinavyosema.

Mishale nayo usinunue kwa bei. Kijitabu kitakuambia uzito wa chini na aina ya mkia wa mshale unaofaa ugwe wako. Uzito ukiwa pungufu, au mkia usiposhika ugwe, ni karibu sawa na kufyatua bila mshale. Kwa nguruwe mimi napenda mshale mzito, greni 450 na kuendelea pamoja na kigumba (ncha ya kuwindia), yaani kama gramu 29. Unakwenda polepole kidogo, ila ukifika unaendelea kuingia. Na kigumba chagua chenye makali yasiyokunjuka, yaliyofungwa palepale. Vile vigumba vya makali yanayofunguka yakigonga mwili vinawafaa paa wa huku. Kwenye ngozi ya nguruwe dume hupoteza nguvu katika kufunguka. Lakini kumbuka: kigumba chenye makali hakiruki sawasawa na ncha ya mazoezi. Rekebisha darubini kwa ncha za mazoezi, kisha maliza kwa vigumba vyenyewe, kwenye shabaha ya sponji unayoweza kuipoteza. Ukiweza kuweka mishale kumi mfululizo ndani ya kisahani cha chai kwa mita 25, umekaa kwenye kigoda na moyo unadunda kwa sababu umetoka kukimbia, hapo uko tayari. Wengi huhitaji wiki tatu au nne za mazoezi ya jioni. Mimi nilihitaji zaidi.

Sasa nguruwe mwenyewe. Hawa si ngiri wala nguruwe mwitu wa misitu ya Iringa. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, wakatoroka, na baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioingizwa kwa ajili ya uwindaji katika miaka ya 1930. Leo wako karibu katika kila kaunti kati ya kaunti 254 za Texas, na idadi yao inahesabiwa kwa mamilioni. Mimba ni siku kama 115, na jike mmoja huzaa watoto watano, sita kwa mkupuo. Ukiona shamba la mwenyeji wako limechimbuliwa kama limepitiwa na trekta usiku, ujue ni pua zao.

Moyo na mapafu ya nguruwe yamekaa mbele na chini kuliko ulivyozoea kwa mbuzi au ng'ombe. Aliyezoea kupiga paa hulenga katikati ya mwili nyuma ya bega. Kwa nguruwe hapo umepita nyuma ya mapafu, umeingia ini ukibahatika, tumbo usipobahatika. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa jicho kutoka chini kwenda juu. Ingia theluthi ya chini ya mwili, palepale nyuma ya kiwiko, na ngoja mguu wa upande wako uwe umetangulia mbele. Lengo lenyewe halizidi kisahani ulichofanyia mazoezi. Pembe nzuri kuliko zote ni pale anapokuwa amekupa mgongo kiasi, ameelekea mbali kwa mshazari: mshale unaingia nyuma ya mbavu, unakwenda mbele kuelekea bega la upande wa pili, na unaikwepa kabisa ngao ya bega, nitakayokueleza sasa hivi.

Ngao ndiyo sababu nakuandikia kirefu hivi. Dume likikomaa huota tabaka nene la ngozi ngumu kama gegedu kwenye mabega, la kulikinga na meno ya madume wenzake. Mwaka wangu wa pili na upinde, jioni moja ya Novemba, dume kubwa jeusi lilitokea kwenye mahindi niliyomwaga, hatua 22 kutoka nilipokaa. Lilikuwa limenielekea kwa mshazari, bega mbele. Nilijua pembe ni mbaya. Giza lilikuwa linaingia, nikajiambia halitageuka tena, nikafyatua. Mlio wa mshale kuingia ulikuwa mkavu, kama jembe kwenye kisiki. Lilipiga kelele moja, likaingia kwenye miti ya miiba kando ya kijito. Baada ya nusu saa niliwasha tochi nikafuata. Kwenye hatua 40 niliokota mshale umevunjika. Damu imeishia kiganja kimoja kutoka kwenye kigumba, juu yake mafuta meupe na nywele. Mbele yake matone mawili matatu kwenye jani, kisha hakuna kitu. Nilitafuta hadi saa sita usiku, na kesho yake mchana kutwa pamoja na mwenye shamba. Wiki mbili baadaye kamera yake ililipiga picha dume lilelile likichechemea, bega limevimba. Tangu siku hiyo sijafyatulia bega la mbele, na mnyama aliyenielekea uso kwa uso simgusi, hata awe hatua kumi.

Kuhusu kuwasogelea: macho yao ni dhaifu, masikio ni makali, na pua ni ya ajabu. Nguo za rangi ya majani si muhimu kama upepo. Kaa mahali ambapo upepo unatoka kwao kuja kwako, na kama umegeuka, ondoka kimya, urudi siku nyingine. Beba kichupa cha unga laini, puliza kidogo hewani kila baada ya muda. Hiyo kazi ya kusoma upepo ndiyo utakayoianza Jumamosi hii. Tafuta njia zao: nyayo za mviringo kuliko za paa, matope yaliyopakwa kwenye magome ya miti hadi usawa wa goti au paja, madimbwi wanamogaagaa. Nguruwe hana jasho la kumpoza, kwa hiyo majira ya joto hushinda karibu na maji na kutembea usiku. Majira ya baridi utawaona hata asubuhi na alasiri. Mwombe mwenye shamba muweke pipa la mahindi linalojimwaga lenyewe kwa saa mliyopanga, mita 20 kutoka mahali pa kukaa. Ukijenga dungu juu ya mti, ni vizuri sana kwa harufu, lakini usipande wala kushuka na upinde uliotegwa: upandishe kwa kamba ukiwa haujategwa, nawe uwe umefungwa mkanda wa usalama. Mwisho wa siku, usiushushe ugwe kwa mkono; fyatua mshale wa mazoezi kwenye shabaha laini au kwenye udongo laini karibu na dungu, kabla hujashuka.

Ukishapiga, kaa. Nusu saa kamili kwa saa ya mkononi, na kama unadhani umepiga nyuma, saa nne au zaidi. Kumbuka alipopita, weka jicho kwenye mti fulani, sikiliza. Nguruwe ana mafuta na nywele nyingi, tundu huzibika, na mara nyingi damu haionekani kwa hatua 30 za mwanzo hata kama amekufa mbele kidogo. Ndiyo maana nataka mshale uingie chini na utokee chini upande wa pili, damu ipate njia. Okota mshale uunuse: damu nyekundu yenye povu ni mapafu, harufu ya mavi ni utumbo. Usimfuate aliyejeruhiwa peke yako gizani kwenye kichaka. Nguruwe mzima atakukimbia. Aliyeumia na kubanwa anaweza kukupasua paja, na pale mshipa mkubwa uko karibu.

Sheria sitakaa nayo sana, kwa sababu Texas imeilegeza. Nguruwe hahesabiwi kuwa mnyama wa mawindo: hakuna msimu wala kikomo cha idadi, na tangu Septemba 1, 2019 huhitaji leseni ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ridhaa ya mwenyewe. Ardhi ya umma ni habari nyingine, leseni inatakiwa. Ridhaa hiyo iombe kwa maandishi, uitembeze mfukoni. Rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo za uzio ina maana ya usiingie, na mnyama wako akivuka uzio akafia kwa jirani, mpigie jirani simu kwanza. Usimbebe nguruwe hai kwenye gari. Na chunga usimchanganye na javelina, mnyama mdogo mwenye ukosi mweupe shingoni: huyo ana msimu wake na anahitaji leseni. Darasa la wawindaji la Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, lifanye hata kama kwa nguruwe hulazimiki. Ni siku moja tu. Ukirudi nyumbani likizo, uhuru huu usiende nao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni jela.

Tuje kwenye kitimoto. Nyama ni nzuri sana, hasa jike mdogo wa kilo 30 hadi 50. Dume zee linanuka na ni gumu, nalo huwa namwachia mwenye shamba aamue. Lakini masharti yapo, tena makali. Nguruwe hawa hubeba brusela, ileile homa ambayo wafugaji wa kwetu wanaijua kwa ng'ombe na mbuzi. Inaingia kwa damu na majimaji ya mwili, kupitia mkwaruzo mdogo tu wa kidole au jicho. Vaa glavu za mpira, funika macho wakati wa kupasua, usitoboe viungo vya uzazi wala kibofu, na nawa kwa sabuni hadi viwiko. Wiki au miezi baadaye ukipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, mwambie daktari bila kungoja kuulizwa kwamba ulichuna nguruwe pori. Mbwa usimpe nyama mbichi hata kipande. Kuna kirusi cha nguruwe kinachomuua mbwa.

Ukifungua mzoga ukakuta mafuta ya rangi ya buluu, simama hapohapo. Kuna chambo cha sumu ya warfarin kinachotumika dhidi ya nguruwe hawa, nacho hutiwa rangi ili mwindaji aione. Usile, na mwambie mwenye shamba.

Joto la Texas halikupi muda. Toa matumbo mara moja, chuna, weka vipande kwenye jokofu la barafu, lile sanduku la kubeba, na uache tundu la chini wazi maji yatoke. Nyama ipikwe hadi katikati yake ifike nyuzi 71 za Selsiasi, na nunua kipimajoto cha nyama, usikisie kwa rangi. Kugandisha kwenye friji hakuui brusela, wala minyoo ya wanyama pori huwezi kuihakikisha. Mimi naichemsha kwanza kwa tangawizi, vitunguu saumu na ndimu hadi ilainike, ndipo naipeleka kwenye mkaa pamoja na ndizi, na pilipili ya kusaga pembeni. Kama jokofu lile la barafu au sufuria umeazima kwa jirani Mwislamu, mwambie kabla hujatia nyama humo, na ikiwezekana nunua vyako. Huku ugenini wengi tunaazimana vyombo, na jambo hili limewahi kuvunja ujirani ninaoufahamu.

Jumamosi ukitoka shambani, niandikie mambo matatu: upepo wa jioni ulitoka wapi, njia yao inapita umbali gani kutoka mti unaofaa dungu, na vijiti vyako vya mita 25 vimeangukia wapi. Kutokana na hayo nitakuambia ukae upande gani.